Mbwa anatokwa udenda na kutetemeka baada ya nyumba kupulizwa dawa ya mende, nimpe maziwa?

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada wa haraka, salamu ndefu tutapeana baadaye.

Jana jioni nyumba ilipulizwa dawa ya mende. Mpulizaji alikuja na pampu yake ya mgongoni, dawa akaichanganya mwenyewe, akamaliza akaondoka. Mbwa alikuwa nje, lakini usiku alipenya akarudi jikoni, na inaelekea alilala palepale chini ya sinki ambapo dawa ilimwagwa nyingi na ilikuwa haijakauka. Ni jike, siku zote mzima wa afya, kilo 18 hivi.

Asubuhi hii udenda unamchuruzika mpaka kifuani. Anakung'uta miguu ya mbele, mmoja kisha mwingine, kama paka aliyekanyaga maji. Masikio yanachezacheza, na ukimtazama mgongoni unaona nyama zinarukaruka chini ya ngozi. Ametapika povu jeupe. Ananitambua na anatembea, ila hatulii.

Naambiwa nimpe maziwa. Nimpe? Na kuna chochote cha kuondoa hii sumu wakati natafuta daktari?

Mkiamrefu

Pole sana mkuu. Mpe maziwa fasta, ukiweza changanya na yai bichi na mafuta kidogo ya kupikia. Maziwa yanakata sumu, hilo halina mjadala. Akitapika ndiyo vizuri, uchafu unatoka.

Tabibu wa Mifugo

Mleta uzi, usimpe maziwa, mafuta wala yai, na usimtapishe. Sababu nitaziandika baadaye, sasa hivi fanya haya.

Mtoe nje kwenye hewa safi. Vaa glavu, mvue kola, kisha mwogeshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Sabuni hiyo inakata mafuta, na dawa nyingi za wadudu hung'ang'ania kwenye mafuta ya manyoya. Anza na nyayo na katikati ya vidole, halafu tumbo na kidevu, maana ndiko alikolalia. Suuza, rudia tena. Maji yasiwe ya moto, joto linafungua mishipa ya ngozi na sumu inapenya zaidi. Yasiwe ya baridi pia, mbwa anayetetemeka akiloa anapoteza joto upesi. Mkaushe kwa taulo, mfunike, na mtu akae naye asijilambe. Akianza degedege, akianguka au akipumua kwa shida, acha kuogesha, mbebe muende.

Wakati wewe unaogesha, mtu mwingine ampigie mpulizaji. Asiulize kama dawa ni kali. Aulize yale maandishi madogo chini ya jina la biashara, palipoandikwa kiambata amilifu (kemikali yenyewe inayoua wadudu) na asilimia yake. Ampigie picha lebo aitume. Picha hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo yetu wote humu.

Mleta uzi

Naanza kuogesha. Dada yangu anampigia jamaa.

Mkiamrefu

Dokta, na heshima zote, mimi mbwa wangu aliwahi kulamba dawa ya wadudu, nikampa maziwa, akapona. Nyie mnapenda kutisha watu ili waje kliniki.

Tabibu wa Mifugo

Ndugu Mkiamrefu, kwamba alipona sibishi. Lakini mbwa wengi waliogusa dawa hizi za kupuliza za siku hizi hupona hata bila kupewa kitu, kwa hiyo maziwa yanapewa sifa za ini la mbwa mwenyewe.

Maziwa hayana uwezo wa kukata sumu. Sumu nyingi za wadudu huyeyuka kwenye mafuta, sasa ukimpa maziwa au mafuta ya kula unaweza kuisaidia kupenya utumbo badala ya kuizuia. Pia mbwa anayetetemeka hamezi vizuri. Unammiminia maziwa mdomoni, nusu inaingia mapafuni, na sasa una magonjwa mawili.

Kutapisha ni hatari zaidi. Dawa nyingi za kuchanganya na maji zimeyeyushwa kwenye vimiminika vya jamii ya mafuta ya taa. Vitu hivyo vikipanda kutoka tumboni na tone likaingia mapafuni, mbwa anaweza kuponyoka sumu akafa kwa nimonia. Chumvi, ambayo bado watu wanaishauri, naomba isitajwe kabisa humu. Chumvi nyingi peke yake inaua mbwa, inavuta maji kutoka kwenye ubongo. Na huyu sumu yake kubwa iko kwenye ngozi na nyayo, sasa unatapisha nini?

Kuna wakati daktari anamtapisha mbwa kwa makusudi, akijua alikula nini, lini, na kwamba ana akili timamu. Huo ni uamuzi wa mezani kwake.

Zumari

Dokta, kwa uelewa wangu sumu ya wadudu dawa yake ni atropini. Kwa nini usimwambie mleta uzi akaombe sindano ya atropini moja kwa moja, badala ya kupoteza muda na lebo?

Tabibu wa Mifugo

Zumari, umegusa penyewe. Kuna watu wanajua atropini "inatibu sumu" kama vile sumu ni kitu kimoja. Atropini inatibu kundi moja la sumu za wadudu, na kwa makundi mengine haina kazi au inaongeza tatizo.

Kundi lake ni organofosfeti na ndugu zake kabameti. Hizi zinazuia kimeng'enya kinachofuta ujumbe wa neva baada ya kufika. Ujumbe haufutiki, tezi na misuli vinaendelea kupokea amri ileile. Matokeo yake mbwa anatoa maji kila mahali: udenda, machozi, mkojo, kuhara, kutapika. Mboni za macho zinasinyaa zinakuwa kama ncha ya pini, moyo unapungua kasi, na mapafu yanajaa majimaji. Kinachoua mara nyingi ni pumzi. Hapo atropini inaokoa, na kwa organofosfeti kuna dawa ya pili, pralidoksimu, inayokifungua kile kimeng'enya kama ikiwahi. Ikichelewa, sumu inakuwa imeshikamana nacho moja kwa moja.

Kundi la pili ni pirethroidi, ndizo zimejaa kwenye kopo za kupuliza majumbani. Kwenye lebo majina yake mengi yanaishia na "thrin". Hizi zinaacha milango ya sodiamu kwenye neva wazi muda mrefu kuliko inavyotakiwa, neva inapiga tena na tena. Ngozi inamwasha na kumchomachoma, ndiyo maana mbwa anakung'uta miguu na masikio yanacheza. Udenda anaoutoa mara nyingi ni kwa sababu ya ladha mbaya baada ya kujilamba. Huyu anahitaji kuogeshwa, kupewa dawa ya kulegeza misuli (metokabamoli hutumika sana), kutazamwa joto la mwili, na subira. Wengi wanatulia ndani ya saa 24 hadi 72.

Halafu iko amitrazi, inayotumika kuogeshea mifugo kuua kupe na imo kwenye baadhi ya kola za mbwa. Hii kazi yake ni kinyume: mbwa anasinzia, mwili unapoa, moyo unakwenda taratibu, tumbo linasimama, sukari kwenye damu inapanda. Kuna dawa inayoigeuza vizuri, atipamezoli. Ukimchoma huyu atropini eti kwa sababu moyo uko taratibu, unaweza kumpandishia shinikizo la damu na kulizidisha lile tumbo lililosimama.

Kwa hiyo lebo si kupoteza muda. Na kuna chupa zenye organofosfeti na pirethroidi pamoja, hapo hata dalili zinachanganyika.

Mleta uzi

Nimemaliza kumwogesha mara mbili. Udenda umepungua kidogo, kutetemeka bado. Tatizo jipya: mpulizaji anasema dawa yake huwa anainunua kwenye galoni kubwa halafu anaihamishia kwenye chupa za maji. Chupa haina lebo. Galoni iko kwa mwenzake.

BibiKucha

Chupa ya maji! Watu hawa wataua mtoto siku moja.

Tabibu wa Mifugo

Amtafute mwenzake, galoni lipigwe picha. Wakati huohuo, mleta uzi, mtazame macho penye mwanga wa kawaida, usimmulike na tochi. Mboni ni ndogo sana au za kawaida? Anahara? Anajikojolea? Ukiweka sikio karibu na kifua unasikia kama majimaji yanakoroma? Fizi ni za rangi gani, na ukizibonyeza kwa kidole zikawa nyeupe, rangi inarudi ndani ya sekunde 2?

Na jingine ambalo watu hawaulizwi hivyo hawalisemi: kuna sumu yoyote nyingine ndani ya nyumba? Ya panya, ya konokono, ya mchwa, chochote.

Mleta uzi

Mboni ni pana kidogo, hakika si ndogo. Hajahara, hajajikojolea. Kifua kikavu, anahema tu kwa haraka. Fizi za pinki, rangi inarudi upesi.

Kuhusu sumu nyingine, ngoja. Dada anasema mpulizaji aliweka pia sumu ya panya nyuma ya friji, vile vibonge vya nta, kama ofa. Nimevuta friji sasa hivi. Kimoja kimebaki, na pembeni pana ganda la plastiki tu limetafunwa.

Zumari

Duh.

Mkiamrefu

Lakini vibonge vya rangi gani? Vya bluu nasikia ni vile vinavyokausha damu, vya waridi ni vingine.

Tabibu wa Mifugo

Rangi haisemi kitu. Kila mtengenezaji anapaka anavyotaka, usimtibu mbwa kwa rangi. Mleta uzi, lichukue hilo ganda lililotafunwa na hicho kibonge kilichobaki, viweke kwenye mfuko wa plastiki ufungwe, uende navyo. Ondokeni sasa. Msikae kusubiri galoni, picha itawafuata.

Anavyotetemeka leo, na mboni hizo na kifua kikavu, vinaelekea zaidi kwenye pirethroidi. Sisemi ndiyo hiyo. Nasema ndipo ningeanzia. Daktari anaweza kufanya jaribio dogo: anachoma atropini kidogo sana. Moyo ukienda mbio na mdomo ukakauka, organofosfeti nzito inakuwa mbali. Kukiwa hakuna mabadiliko, anaanza kuitilia shaka. Anaweza pia kupima kile kimeng'enya kwenye damu. Kikiwa chini ya robo ya kiwango cha kawaida, hapo ushahidi ni mzito.

Sasa hiyo ya panya inanisumbua kuliko hii inayoonekana. Sumu za panya zilizoenea sana ni za kuzuia damu kuganda: bromadioloni, brodifakumu na wenzake. Zinalizuia ini kuitumia tena vitamini K, na bila vitamini hiyo vigandishi vya damu havitengenezeki. Vile vilivyokuwepo tayari vinaendelea kufanya kazi mpaka viishe. Ndiyo maana mbwa anakula sumu leo, kesho anacheza, keshokutwa anakula vizuri, mwenye mbwa anasema amenusurika. Siku ya tatu hadi ya saba analegea, fizi zinakuwa nyeupe, anakohoa au anahema kwa shida. Wengi hawatoi damu unayoiona. Inavujia kifuani au tumboni.

Hii haihusiani na kutetemeka kwa leo, na ndiyo hatari yake: leo mtatibu kutetemeka, kutaisha, mtarudi nyumbani mmefurahi.

BibiKucha

Dokta samahani naingilia. Mimi nina paka na mbwa nyumba moja. Mbwa naye nampaka dawa ya matone ya kupe mgongoni. Kwa ninavyosoma hapo juu hizo nazo si ni "thrin"?

Tabibu wa Mifugo

Bibi, nyingine ndiyo. Soma kama kuna permethrini. Mbwa anaivumilia vizuri kwa kipimo chake. Paka hawezi, ini lake ni dhaifu sana kwenye ile njia ya kuvunjavunja kemikali za aina hiyo, na tone lililotengenezwa kwa ajili ya mbwa mkubwa linaweza kumuua. Usimpake paka dawa ya mbwa hata nusu yake. Na ukimpaka mbwa, watenganishe mpaka pakauke, kwa sababu paka hulala mgongoni kwa mbwa na kumlamba. Kama unafuga samaki, hao ndio nyeti kupita wote. Chombo chao kifunikwe na pampu ya hewa izimwe wakati wa kupuliza, au wahamishwe.

Mleta uzi

Wakuu, narudi. Tumefika kliniki, amelazwa. Daktari alimfanyia hilo jaribio la atropini, moyo ukakimbia na mdomo ukakauka. Akampa dawa ya kulegeza misuli, kutetemeka kumeshuka sana. Joto lilikuwa 39.9, sasa linashuka. Picha ya galoni imefika: cypermethrin, hakuna kingine. Kuhusu kibonge, kimeandikwa bromadiolone. Damu imepimwa muda wa kuganda, majibu ni ya kawaida. Je, hapo si tumepona na ya panya?

Mkiamrefu

Hongera mkuu! Majibu ya kawaida maana yake hakula, kilitafunwa na panya wenyewe.

Tabibu wa Mifugo

Hapana jamani, msisherehekee hapo. Majibu ya leo yanatuambia damu yake ilivyokuwa kabla sumu haijaanza kazi. Kigandishi kinachoisha kwanza, cha namba 7, nusu yake hupotea kila baada ya saa 6 hivi, lakini mpaka kipimo kionyeshe hitilafu inachukua saa 36 hadi 72. Kipimo cha kawaida siku ya kwanza hakimwondolei mbwa shaka.

Njia ni mbili na zote zina akili. Ya kwanza ni kuanza vitamini K1 sasa hivi bila kusubiri. Ya pili ni kutompa, kisha kurudia kipimo baada ya saa 48 mpaka 72, na kuanza tiba kikionyesha tu kwamba damu inachelewa kuganda. Kosa ni kuzichanganya: ukimpa K1 leo halafu ukapima keshokutwa, utapata jibu zuri la uongo kwa sababu dawa yenyewe inaficha. Mimi kwa ganda lililotafunwa vile ningeanza tiba. Lakini daktari aliye naye mkononi ndiye anayemwona, mfuate yeye.

Akianzishiwa, jueni ni safari. Kwa sumu hizi za kizazi cha pili tiba huenda wiki 3 hadi 4, kila siku, hata mbwa akiwa anaruka uzio. Sumu inakaa kwenye ini muda mrefu kuliko dozi chache. Iwe K1, maana K3 haifanyi kazi hii, na watu huuziwa hiyo kwa kuwa nayo inaitwa vitamini K. Ampe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, inanyonywa vizuri zaidi (Mkiamrefu, hapa ndipo mafuta yako yanaruhusiwa). Saa 48 baada ya dozi ya mwisho kipimo kirudiwe. Kikionyesha damu bado inachelewa kuganda, anaongezewa wiki nyingine. Kipindi chote hicho asikimbizwe, asicheze kwa nguvu na mbwa wengine, na asichomwe sindano za kwenye msuli bila sababu.

Zumari

Na ingekuwa kibonge si hicho cha damu?

Tabibu wa Mifugo

Ingebadilika yote. Bromethalini inavimbisha ubongo na haina dawa yake maalumu. Kolekalsiferoli inapandisha kalsiamu mpaka figo zinaharibika, na dalili huchukua siku kadhaa kuonekana. Zinki fosfidi ikikutana na asidi ya tumbo inatoa gesi ya fosfini, kwa hiyo mbwa wa namna hiyo halishwi kitu, kwa kuwa chakula kinaongeza asidi, na akitapika ndani ya gari fungueni madirisha wote, kwani gesi hiyo inawadhuru na ninyi. Wapo madaktari walioumwa kwa kuinamia matapishi hayo. Ukisikia harufu ya vitunguu saumu au samaki aliyeoza kwenye pumzi ya mbwa, mwambie daktari kwenye simu kabla hujafika.

Mkiamrefu

Haya dokta, nimekuelewa kuhusu maziwa. Swali langu la mwisho: mkaa. Kuna mtu kaniambia mkaa wa jiko uliosagwa unanyonya sumu tumboni.

Tabibu wa Mifugo

Mkaa unaotumika hospitali umetengenezwa kwa namna ya kuwa na vitundu vidogo mno, ndivyo vinavyokamata sumu. Wa jiko hauna uwezo huo, ni vumbi tu utakalomwingiza mapafuni. Hata ule wa hospitali hautolewi kila mara. Mbwa anayetetemeka au anayesinzia akiuvuta mapafuni ni balaa.

Mleta uzi

Daktari ameamua kuanza K1, vidonge. Kutetemeka kumeisha kabisa, amekula, kesho tunamchukua. Nyumba ndiyo naifikiria. Nimwingize lini?

Tabibu wa Mifugo

Dawa ikishakauka kabisa na nyumba ikapitishwa hewa, kwa mbwa hatari inashuka sana. Hatari kwake iko kwenye majimaji na madimbwi, kama hapo chini ya sinki. Pafute kwa maji na sabuni, maji ya kusuuzia usiyamwage kwenye bustani anakochimba wala kwenye mto au bwawa. Godoro lake na blanketi vifuliwe peke yake, visichanganywe na nguo za watoto. Bakuli la maji lililokuwa jikoni lisuguliwe, na chakula kilichokuwa wazi usiku ule kitupwe.

Vibonge vyote vya panya vitolewe, na mpulizaji aseme aliviweka wapi kimoja kimoja. Usikubali jibu la "nyuma ya friji tu". Sogeza kabati, angalia juu ya dari kama kuna tundu, kwa sababu panya huvikokota. Na akirudi kupuliza siku nyingine, aje na chupa yenye lebo au asianze kazi.

Mleta uzi

Kapigiwa sasa hivi. Ameweka vinne. Viwili bado tunavitafuta.